Debe Moja kwa Mwezi

Nilirudi nyumbani Nyakato, pale Musoma, nikiwa na miaka ishirini na saba, nimekalia godoro langu nyuma ya lori la mbegu za pamba. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa mama. Alikuwa anaanua dagaa uani. Alilitazama godoro, akalitazama sanduku langu la bati, akajua sikuwa nimekuja kusalimia.

Huko Bunda nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Nilifanya kazi hiyo miaka saba. Msimu ukianza, nyuzi za pamba ziliruka hewani kutwa nzima, zikanasa kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka kwenye utepe wa mashine yangu. Ile miaka ya shida, wakati sukari ilikuwa inatafutwa kama dawa, kiwandani tulikuwa na duka letu, na kila mwisho wa mwezi nilifunga kifurushi nikakipeleka nyumbani Musoma: sukari, sabuni, mara moja moja kitenge. Baba alikuwa akikipokea kwa mikono miwili mbele ya wageni. Wakati ule hakuna aliyeuliza mimi nachangia nini.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi walianza kwenda na malori yao mpaka vijijini, wakalipa papo hapo, na wakulima waliochoka kungoja malipo wakawapa pamba. Siwalaumu, baba yangu mdogo mwenyewe aliwapa. Kiwandani misimu ikawa mifupi, mashine zikalala, mpaka asubuhi moja bosi akaniletea orodha ya watakaopunguzwa, ameiandika kwa mkono, akaomba niichape nakala tatu. Jina langu lilikuwa karibu na mwisho. Niliichapa yote bila kukosea herufi, nikampelekea asaini.

Baba alikuwa bwana mifugo. Maisha yake yote alizunguka na baiskeli ya serikali, Butiama, Kiabakari, mpaka vijiji vya Bunda, akichanja ng'ombe na kusimamia majosho. Alistaafu mwaka uleule niliopunguzwa mimi, na mafao yake yalikuwa hayajatoka. Tulikuwa watatu ndani ya nyumba: yeye, mama na mimi. Kaka zangu wawili walikuwa na miji yao mbali, na kila mmoja alikuwa na shida zake. Kwa kuwa nilirithi jina la mama yake mzazi, tangu nikiwa mchanga baba aliniita mama. Hakuwahi kunipiga. Alisema mtu hampigi mama yake.

Miezi miwili ya mwanzo sikutulia hata siku moja. Nilitoka asubuhi na bahasha ya vyeti, nikapita ofisi za boma, hospitali, shule, viwanda vya samaki. Kila mahali waliniambia niache barua. Mchana nilikuwa natembea tu. Nilikuwa naweza kwenda mwaloni, nikasimama nikiangalia watu wanapakua sangara, nikageuka, nikapanda tena mjini, nikashuka tena mwaloni, ilimradi nisirudi nyumbani saa za watu kula mchana. Kukaa kulinishinda. Hata nikiwa nimekaa, mguu mmoja ulikuwa unatikisika, na mama alikuwa akinishika goti kwa kiganja mpaka mguu utulie.

Jioni moja baba alisubiri tumalize kula. Alinawa mikono, akajifuta taratibu, akaniangalia.

"Nataka tuelewane," alisema. "Mtu mzima anayelala chini ya bati hili ataleta debe moja la unga kila mwezi. Hata mimi nilipokuwa kijana nilikuwa naleta kwa baba yangu. Sikufukuzi. Lakini utaleta."

Hakuniita mama siku hiyo.

Mama ndiye aliyejibu. Alisema mimi nachota maji, napika, nafua, naenda naye mwaloni kununua dagaa, nawaanika, nawageuza juani. Akauliza kama hayo si mchango. Baba akasema maji na kufua ni kazi ya kila binti, na kwamba yeye anazungumzia chakula. Mama akasema, bila kupandisha sauti, "Nyumba ambayo mtoto analipia kulala inaitwa gesti."

"Halipii kulala," baba alisema. "Anachangia kula."

Walibishana kwa utaratibu, kama watu wanaojadili bei ya mbuzi wa mtu mwingine. Ubaya wake ni kwamba nilimwona baba ana haki. Nilikuwa mtu mzima, nilikuwa na mikono, na tonge langu lilitoka kwenye dagaa wa mama. Kama angekuwa amenionea, ningelia, ningeenda kulalamika kwa jirani, basi. Lakini nilikubaliana naye, na kuanzia siku ile chakula kikaanza kunishinda. Nilikata matonge madogo. Nilinawa mapema, nikasema nimeshiba, nikaenda kusugua sufuria na njaa yangu.

Mwezi wa kwanza nilipeleka nusu debe. Nililipataje? Mama alinipa dagaa wake nikauze mitaani, faida nikanunulia unga. Kwa hiyo unga ule ulikuwa wa nani? Nilijiuliza swali hilo nikiwa nimeubeba kichwani. Mtaji wa mama, dagaa wa mama, na hata beseni lilikuwa la mama. Langu lilikuwa jasho la kutembea. Baba aliupokea, akasema, "Haya," na akaongeza kwamba bado nusu.

Mwezi wa pili mama akanipa wazo. Kule Butiama, kwenye shamba la ukoo, kulikuwa na muhogo uliokomaa. Ningechimba, ningemenya, ningeanika, nikasage unga wangu mwenyewe ambao hakuna mtu angeuliza umetoka wapi. Nikamuuliza mama, kwa kuwa baba alikuwa anaenda Butiama kila wiki, si angeweza kuja na muhogo kidogo kidogo? Maana baba alikuwa na utaratibu wake: Jumatatu aliondoka na shati jeupe na faili la mafao, akisema atapitia boma kisha ataenda Butiama kuangalia shamba. Alirudi Alhamisi au Ijumaa. Mama alisema, "Baba yako ni mzee, mwache asibebe mizigo." Alinipa pia gunia la dagaa, niuze kwenye gulio la Kiabakari wakati wa kurudi.

Butiama nilipokewa na mama mdogo, mke wa mdogo wake baba. Alikuwa anapalilia migomba. Tulisalimiana, tukaulizana habari za wote, kisha nikamuuliza baba kalala nyumba ipi, maana ilikuwa Jumanne.

Aliegemea jembe. "Baba yako? Huku hajaonekana tangu tupande mtama."

Nilisema labda nimechanganya siku. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akarudi kwenye migomba yake.

Nilichimba muhogo siku mbili. Nilichimba kama mtu anayefukuzwa. Mama mdogo aliniambia nipumzike, nikashindwa kupumzika, kwa sababu kila niliposimama wazo lilikuja: baba ana mwanamke. Kuna nyumba mahali, kuna mtoto mdogo labda, na yeye anapeleka huko, halafu anakuja kutudai unga. Nilijenga nyumba ile kichwani mpaka nikaiwekea mlango na pazia. Siku ya tatu niliuacha muhogo ukiwa umeanikwa juu ya mwamba, nikabeba dagaa wangu, nikapata lifti ya trekta mpaka Kiabakari.

Gulio lilikuwa zuri lakini wauza dagaa tulikuwa wengi. Mpaka saa tisa nilikuwa nimebakiwa na karibu nusu gunia. Mwanamke tuliyekaa naye akaniambia, "Wapelekee wale waponda mawe. Wenyewe hawapatagi nafasi ya kuja huku, na hawabishani bei."

Nilijua habari za mgodi wa zamani wa dhahabu, kila mtu wa Mara anazijua. Wakubwa waliondoka kitambo. Baada ya ruksa watu wakaanza kuingia wenyewe, na nyundo zao, na makarai yao, wakichokonoa mawe na kuosha marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa na waliowatangulia. Nilifuata njia ya miguu, nikisikia sauti kabla sijaona kitu. Haikuwa sauti ya nyundo moja. Zilikuwa nyingi, kila moja na mwendo wake.

Walikuwa wamekaa chini kwa mistari, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jiwe lake kubwa mbele, na juu yake amezungushia pete ya mpira wa tairi ili vipande visiruke. Waliponda bila kuinua vichwa. Vumbi lilikuwa limewafanya wote rangi moja. Nilianza kuita, "Dagaa, dagaa wa Musoma," na mwanamke mmoja akaniambia nianze na Daktari, kwamba Daktari anapenda dagaa. Alinyoosha kidole.

Alikuwa amevaa lile koti la kaki la kuchanjia ng'ombe. Nilitambua koti kwanza, kisha mikono. Kofia yake ilikuwa imeshuka usoni. Shati jeupe lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya faili, na juu yake kuna jiwe dogo lisipeperuke.

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Ningeweza kugeuka. Alikuwa hajaniona, na mpaka leo huwa nafikiri maisha ya nyumbani kwetu yangekuwaje kama ningegeuka. Lakini mtoto hampiti baba yake bila salamu, na mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka.

"Shikamoo baba."

Nyundo yake ilisimama. Za jirani zake pia. Aliinua uso taratibu, na kwa muda nilidhani hatajibu, kwamba atasema nimemfananisha. Angefanya hivyo ningekubali, ningeomba radhi, ningeondoka.

"Marahaba," alisema.

"Daktari, huyu ni nani?" yule mwanamke aliuliza.

Baba alijifuta vumbi mdomoni kwa nyuma ya mkono. "Huyu ni mama yangu."

Walicheka, wakadhani ni utani. Tulikaa pembeni, chini ya ukuta uliobomoka wa majengo ya mgodi. Nilimpa maji kwenye chupa yangu, akanawa mikono kwanza, na nikaona viganja vyake. Vilikuwa vimepasuka kama udongo wa ziwani maji yanapokauka. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu mafao yalipokwama, hata kabla sijarudi kutoka Bunda. Boma walimwambia faili lake limepelekwa Mwanza, Mwanza wakasema liko Dar es Salaam. Alichoka kumwambia mama kila wiki kwamba bado. Kwa hiyo akaanza kuja huku, akapanga kitanda kwa mzee mmoja ambaye zamani yeye alimponyea ng'ombe, akawa anaponda. Wiki nyingine alipata kidogo, wiki nyingine hakupata kitu.

Nilimuuliza sasa kwa nini mimi. Kwa nini debe.

Aliviangalia viganja vyake. "Yule aliyekuwa anakula bila kuleta kitu alikuwa mimi," alisema. "Kuanzia nistaafu, mama yako ananilisha na dagaa. Nilikuwa nakaa pale mezani najisikia hivyo. Halafu ukaja wewe, hali yako ileile. Nikayasema kwako. Ilikuwa rahisi zaidi kuyasema kwako."

Hasira ilinipanda, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kuisikia mbele yake. "Baba, miezi yote hii sijala nikashiba."

"Najua," alisema. "Nilikuonaga unanawa mapema."

Nilisubiri aseme na lingine. Alichukua dagaa mmoja kwenye gunia, akamtafuna mkavu vilevile, akiangalia wenzake wakiponda. Baadaye akaniomba nisimwambie mama. Nikamwambia sitasema.

Ijumaa asubuhi nilirudi Butiama kuchukua muhogo wangu, nikamkuta baba Kiabakari, tukarudi Musoma pamoja, mimi na mzigo wangu, yeye na shati lake jeupe. Kabla ya kupanda gari alinunua debe zima la unga pale Kiabakari. Tulipofika nyumbani aliliweka mlangoni, akamwambia mama, "Mama ameleta unga. Debe zima."

Mama aliingiza mkono kwenye unga, akausugua kwa vidole, akasema ni mzuri, Mungu anibariki. Jioni ile alinipakulia ugali mkubwa, nikashindwa kuumaliza, na safari hii haikuwa kwa ajili ya kujinyima.

Ikawa hivyo kwa miezi mitatu. Kila mwezi baba alileta debe, kila mwezi lilikuwa langu. Mama aliwaambia majirani kwamba binti yake hana kazi lakini nyumba haijalala njaa. Kanisani mwanamke mmoja alinishika mkono akanisifu. Nilizidi kutangatanga. Kabla ya hapo nilikuwa nakimbia aibu ya kutoleta, na sasa nilikuwa nakimbia sifa za kuleta, na hii ya pili ilinichosha zaidi. Nilimwambia baba aache, alete kwa jina lake. Alisema akileta kwa jina lake mama atauliza limetoka wapi, na mafao hayajatoka.

Mwezi wa nne alirudi kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa. Alimwambia mama kwamba mlango wa ofisi umembana. Mama alichemsha maji ya chumvi, akafungua kitambaa. Kucha haikuwepo, na chini ya kucha nyingine zote kulikuwa na vumbi la kijivu ambalo halitoki ofisini. Mama alikiosha kidole kile muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika taulo.

Baba alipokwenda kulala kidogo mchana, nilimfuata mama uani nikamwambia yote. Mgodi, nyundo, faili, debe. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo unga huu ni wa kwake," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Wote. Wangu ni ule nusu wa mwanzo na ule wa muhogo."

Alisogeza ungo pembeni. Nilidhani atalia, au atanilaumu kwa kupokea shukrani zisizo zangu. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa, "Baba, Jumatatu huendi." Baba akauliza kwenda wapi. Mama akasema, "Unapoendaga." Mimi nikaondoka uani nisije nikasikia zaidi.

Jumatatu hakwenda. Alikaa barazani na shati jeupe, kidole kimefungwa, akajibu salamu za wapita njia. Debe halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Nilitegemea nitafurahi. Lakini watu wawili wale sasa walikuwa waangalifu na mimi kama mtu anayebeba mayai. Nikichelewa kuamka hawakuniamsha. Nikishika sufuria mama alisema acha, nitaosha. Hakuna aliyenidai chochote, na sijawahi kujiona mgeni nyumbani kwetu kama wiki zile.

Baba hakuniita tena mama kwa muda. Nilivunja neno nililompa, na alijua.

Niliuza godoro langu la Bunda. Nikanunua birika kubwa, vikombe, karai na kikaangio, nikaenda Kisorya, pale watu wanaposubiri kivuko cha kwenda Ukerewe. Niliwaaga wote wawili kwa pamoja ili mmoja asipate kuniambia kitu pembeni. Mama alinipa khanga mbili. Baba alinisindikiza mpaka stendi, akanibebea birika, na njia nzima alinieleza jinsi ya kuchagua ng'ombe wa maziwa, kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiuliza.

Kisorya nilianza na chai na chapati, baadaye ugali na sato wa kuchemsha. Kazi ilinifaa kwa sababu haikuwa na kukaa. Kivuko kikikaribia watu wanajaa, kikiondoka wanakwisha, unaosha, unawasha tena moto. Nilianza kupeleka nyumbani kwa wasafiri nilichoweza: samaki waliokaushwa, siku nyingine mafuta ya kula. Hakuna aliyenipangia kiasi na mimi sikujipangia. Wakati mwingine nilituma kwa furaha. Wakati mwingine nilituma kwa sababu tu nilishindwa kulala bila kutuma, na hata leo sijui kutofautisha vizuri kipi ni kipi.

Mafao ya baba yalitoka mwaka uliofuata. Yalikuwa madogo kuliko tulivyokuwa tumeyazungumza, na bei za vitu zilikuwa zimekwisha kuyapita. Walinunua bati za upande mmoja wa nyumba na cherehani ya mama.

Muda mfupi baadaye alikuja Kisorya bila taarifa. Nilikuwa nakanda unga, nikasikia mtu anaulizwa na abiria kama yeye ni yule bwana mifugo. Alikaa kwangu siku tatu. Aliangalia ng'ombe wa watu waliosubiri kuvuka, akawashika ndimi, akawapa wenyewe ushauri. Alikula kila nilichompa. Siku ya pili, nikiwa nampa chai, alisema, "Asante, mama," akaendelea kuzungumza na mzee wa pembeni yake kana kwamba hakusema kitu.

Siku ya tatu alikunja koti lake, akasema gari la Bunda linaondoka saa nne. Nilitaka kumwambia akae. Nafasi ilikuwepo, chakula kilikuwepo. Nilishindwa kujua kama angesikia mwaliko au angesikia huruma, na nikiwa bado natafuta maneno, kondakta alikwisha kuchukua mfuko wake. Alipanda, akakaa upande wa dirisha, akanipungia na mkono wenye kidole kisichoota kucha tena. Gari lilipopotea nilirudi kwenye unga wangu. Kivuko kilikuwa kimekwisha kuondoka ng'ambo, na watu walikuwa wanakuja na njaa.